Majina Yaliyovuka Ukuta

Katekista aliposoma jina lililoandikwa kwenye msalaba, Bernadette Kalunga, watu waliokuwa mbele yangu walitazamana. Mwanamke mmoja aliyeshika ndala zake mkononi kwa sababu ya matope alimuuliza mwenzake kwa sauti ndogo, "Huyu ni nani tena? Tumekuja kuzika watu wawili?" Mwenzake akamjibu, "Ni Mama Feza huyo. Ndiyo jina lake." "Ee. Miaka yote hii sikujua." Kisha wakaendelea kuimba. Mimi nilijua. Nilikuwa mmoja wa watu wachache sana wa Kasongo waliolijua jina la ubatizo la Mama Feza, kwa sababu mimi ndiye niliyeliandika, herufi kwa herufi, ndani ya mashine ndogo nyeupe iliyokuwa ikigawa mtandao katika ofisi tuliyofanya kazi pamoja. Nilikuwa nimetoka Kindu kwa pikipiki, siku mbili barabarani, ili nimzike. Tangu makaburini mpaka kwenye masufuria ya wali na sombe, majani ya muhogo, nyumbani kwake sikuweza kufikiria kitu kingine isipokuwa mwaka ule mmoja, ambao yeye na mimi hatukuwahi kuuzungumzia tena.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, si mbali na soko, yenye vyumba vinne na ukuta uliozunguka parsele yote, yaani kiwanja chetu. Watu walikuja pale na mashtaka yao: shamba lililochukuliwa, mtu aliyefungwa bila sababu, mume aliyeuawa. Mkubwa wetu alikuwa Metre Sumaili, kama wanasheria wanavyoitwa kwetu, mtu mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni hata pale ambapo mlango ulimtosha. Mama Feza alikuwa katibu. Chumba chake kilikuwa cha kwanza kulia, chenye meza, kompyuta, mhuri uliowekwa juu ya kitambaa chenye wino, na sufuria yenye mfuniko ambayo aliileta kila asubuhi kutoka kwake, kwa sababu hakuamini sombe ya mtu mwingine yeyote. Saa sita tulizima kompyuta zote ili kuziachia betri za jua nafasi ya kujaa umeme, tukakaa uani, tukala kutoka sinia moja. Chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo, kilikuwa cha kusikiliza mashahidi. Ukuta kati yake na chumba changu ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimesoma habari za mitandao huko Goma, na kila mtu aliniita Enje, yaani injinia, ingawa cheti changu hakikusema hivyo.

Nilikuja na sahani ya setilaiti, nikaifunga juu ya bati, nikaelekeza, nikangoja, na siku ya tatu mtandao ukashuka. Sikumbuki furaha nyingine ya kazi iliyofanana na ile. Metre alitaka aupate hata nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, basi nikaongeza nguvu ya antena ya Wi-Fi mpaka mwisho. Nikatoka na simu mkononi, nikatembea kupita kituo cha pikipiki, nikapita mafundi cherehani, nikafika karibu na msikiti, na bado mtandao wa ofisi yetu ulikuwa unaonekana kwenye kioo. Nilirudi nikajigamba. "Tumefika mpaka msikitini," nilisema. Mama Feza akasema, "Enje, na mimi kwangu Kauta utanifikisha?" Metre akacheka, akasema mama anataka kufanya kazi akiwa kitandani. Leo ningeshusha nguvu ile mpaka mtandao uishie kwenye ukuta, na ningeona aibu kama ungevuka hata hatua kumi. Wakati ule niliona ukuta ni kitu cha watu wasio na mtandao.

Jambo la pili nililojivunia lilikuwa somo la maneno ya siri. Ofisi nyingi mjini, zile chache zilizokuwa na mtandao, zilitumia neno moja la siri kwa wote, limeandikwa kwa chaki ukutani, na mgeni akifika anapewa kama anavyopewa maji ya kunywa. Mimi nilisema kwetu haitakuwa hivyo. Kila mmoja angekuwa na mlango wake: jina lake kamili kama lilivyo kwenye mkataba, na nyuma yake neno la siri la kwake peke yake. Mlango huo ndio ungemwingiza kwenye mtandao na kwenye diski ya pamoja tulimohifadhi nyaraka. Mwalimu wangu wa Goma, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa ametufundisha kwamba neno la siri liwe kitu unachokipenda na ambacho huwezi kukisahau. Niliwakusanya wote watano katika chumba kikubwa, nikarudia maneno yake kama yalivyo.

"Basi mimi nitaweka nini?" akauliza Mama Feza.

"Weka jina la mutu unamupenda, mama. Mutu hauwezi kumusahau."

"Basi Feza."

"Na mimi niweke ya bibi yangu ao ya mama yangu?" akauliza Metre.

"Weka ya yule anakupikia," akasema Mama Feza, "ndiye anaweza kukuua."

Watu walicheka. Nilimwambia Mama Feza kwamba neno la siri halisemwi mbele ya watu, na kwa kuwa amelisema tulibadilishe. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tubadilishe na nini? Niko na mutoto mumoja. Unataka nimukane?" Nikaandika Feza. Metre aliweka jina la mtoto wake wa kwanza, na wengine wote, mmoja baada ya mwingine, waliweka watoto wao wa kwanza. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwa ndiye mwalimu, aliyesimama kufikiri kwamba katika mji huu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Kuanzia sokoni mpaka kanisani, mara hamsini kwa siku, watu walimwita kwa neno lake la siri. Jina lile lingine, Bernadette Kalunga, ambalo mimi nililiweka wazi mlangoni, ndilo ambalo karibu hakuna aliyelijua. Lilionekana mahali pamoja tu, chini ya mhuri wa kila barua tuliyoituma. Nilikuwa nimefunga kufuli kinyumenyume, na nilipomaliza niliwapongeza wote.

Miezi michache baadaye walikuja wanawake saba kutoka upande wa Kabambare. Walikuja kwa sababu ya komanda mmoja aliyekuwa ameshika machimbo ya dhahabu huko, na ambaye sasa alikuwa amekamatwa na kungoja kuhukumiwa. Korti ingekuja Kasongo kumsikiliza. Watu wake walikuwa bado huru, na kila mtu alijua hilo. Mwanamke wa tatu kuingia katika chumba cha nyuma alitoka Lusangi. Nilimsikia kupitia mbao. Alieleza kwa utaratibu, bila kulia, jinsi mume wake alivyokataa kuondoka kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, nani alitoa amri, nani alipiga risasi, mvua ilikuwa imesimama au bado. Alipomaliza alisema, "Sasa jina yangu isitoke hapa. Niko na watoto wane. Jina yangu ikitoka, ni mimi pia nimekwisha." Metre akamwambia hatakuwa na jina, atakuwa Shahidi wa Tatu, na kortini atakaa nyuma ya pazia. Kisha wakatoka, wakanikuta mlangoni pangu. Mwanamke alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu anayetwanga kila siku. Alinielekeza kidole.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa mashini," akasema Metre.

"Mashini inasema?"

"Haisemi, mama," nilijibu mimi mwenyewe. "Inafunga kabisa."

Orodha ya namba na majina ilikaa katika faili moja ndani ya diski ya pamoja. Iliandikwa kwa majina ya kadi ya uchaguzi, na wa tatu alikuwa Mwavita Ramazani. Kama ingebaki hivyo, nadhani ingemlinda kuliko chochote nilichoweza kufunga mimi, maana siku Metre alipomtuma mwenye pikipiki Lusangi kumpelekea habari, yule mtu alirudi na barua mkononi. Alikuwa ameuliza njia nzima, na hakuna aliyemjua Mwavita Ramazani. "Nimeuliza ata kwa mulango yake mwenyewe, minafikiri," alisema. "Wananiambia hapa iko Mama Sifa tu." Basi nikaketi, nikaongeza safu moja katika orodha, nikaiandikia juu: *Anajulikana kama*. Mama Feza alinisomea, mimi nikaandika, wote saba. Safari iliyofuata barua zilifika zote. Metre alinisifu mbele ya wote. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii kwa kutojua, lakini safu ile niliiongeza kwa kujua kabisa watu wetu wanaitwaje, na bado sikuona.

Ilikuwa mchana, saa ya kula. Sinia ilikuwa katikati yetu, wali na samaki wa Lualaba kutoka Nyangwe, na mimi nilikuwa na simu mkononi nikitazama orodha ya walioingia kwenye mtandao, kama nilivyozoea, kwa kujifurahisha tu. Saa hiyo ilipaswa kuwa na jina moja, langu. Yalikuwa mawili. La pili lilikuwa Bernadette Kalunga. Nilimtazama Mama Feza. Mkono wake ulikuwa ndani ya wali, na simu yake ilikuwa juu ya jiwe, imekwisha umeme tangu asubuhi.

"Mama, ordinatere yako uliacha wazi?" niliuliza, nikifikiria kompyuta iliyokuwa mezani kwake.

"Nimefunga. Batri ilikuwa inalia tangu saa tano." Akaendelea kula. "Kuna nini?"

Niliinuka, nikaenda chumbani kwangu, nikawasha kompyuta yangu. Diski ilikuwa inaandika kila faili iliyofunguliwa na saa yake. Bernadette Kalunga alikuwa amefungua folda ya Kabambare, akapita ndani yake kwa mpangilio, kama mtu anayesoma kitabu, na orodha ilikuwa imekwisha kunakiliwa kabla sijanawa mkono. Nilichomoa waya wa mashine nyeupe. Kisha nikafanya jambo la kijinga, nikakimbia mpaka barabarani. Sijui nilitegemea kuona nini. Kulikuwa na wenye pikipiki saba au wanane wamekaa juu ya pikipiki zao. Mafundi cherehani watatu. Wanafunzi wa shule ya misheni wakirudi nyumbani na mashati yao meupe. Mwanamume aliyeegemea baiskeli yenye magunia ya mpunga. Karibu kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa anatazama simu. Mmoja wa wenye pikipiki aliniona nikihema, akaniuliza, "Enje, koneksio imekatika?" Nilimtazama muda mrefu kuliko inavyofaa. Huenda aliuliza tu. Wengi pale walijua nafanya kazi gani. Nilisimama pale na punje za wali mkononi, katikati ya watu wote waliofikiwa na mtandao wangu, na sikuwa na njia hata moja ya kujua ni yupi.

Metre alinisikiliza amesimama. Aliniuliza kama nimefunga mlango, nikasema nimefunga.

"Basi iko sawa."

"Haiko sawa, Metre. Alishachukua."

"Alichukua nini?" Akageuza kioo cha kompyuta yangu, akaonyesha kwa kidole. "Si hii hapa liste? Naiona. Kitu ikiibiwa haibaki."

"Hii inabaki. Sasa ziko mbili. Moja hapa, moja kwake."

"Kwake nani?"

"Ndiyo sijui."

Alikaa. Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni, bado hajanawa mkono. Alikuwa ameelewa haraka kuliko Metre. Aliuliza jambo moja tu. "Aliingia na jina ya nani?" Nilitaka kumdanganya, na sura yangu ikanikatalia. Akasema, "Sawa," akaenda kunawa, na kwa siku mbili hakuleta sufuria yake.

Nilibadilisha kila kitu. Niliwapa maneno marefu yasiyo na maana, yenye herufi na namba, na kufikia jioni kila mmoja alikuwa ameandika la kwake kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya kioo. Nikashusha nguvu ya antena. Nikaitoa folda ya Kabambare kwenye diski ya pamoja. Yote yalikuwa mambo sahihi, na yote yalikuja baada ya kazi kwisha. Siku chache baadaye nilikaa kusoma maandishi ya majaribio yaliyoshindwa, na hapo ndipo niliacha kulala vizuri. Baada ya mimi kubadilisha maneno, mtu alikuwa amerudi na kujaribu kuingia kwa jina la Metre. Alijaribu jina la mtoto wa kwanza wa Metre, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka wa sita, kwa kufuata kuzaliwa. Hata mtoto aliyefariki akiwa mdogo alikuwa mahali pake. Mimi mwenyewe sikuwa najua kwamba Metre alifiwa na mtoto. Nilikuwa nimefundishwa kumwogopa mvamizi wa mbali, mtu wa nchi nyingine asiye na uso. Huyu alikuwa mtu aliyekula matanga kwa Metre.

Niliuliza tutawaambia lini wale wanawake. Metre alisema tungoje. Alikuwa na hoja, na hata leo siwezi kuidharau. "Tukiwaambia, hawatakuja," alisema. "Wasipokuja, korti haina mutu wa kusikia, komanda anatoka. Akitoka anarudi wapi? Kwao. Sasa niambie wewe uliyesoma, tunawasaidia namna gani?" Tukangoja wiki moja, kisha ya pili. Kila pikipiki iliyosimama mlangoni ilinifanya niache kuandika. Mama Feza alipiga barua zake, akagonga mhuri juu ya jina lake, na nilimwona mara kadhaa akilitazama jina lile kama la mtu mwingine. Mwisho aliingia kwa Metre bila kubisha hodi. Nilisikia yote kupitia mbao. "Metre, kama hautumi mutu kesho, naenda mimi na miguu yangu." "Mama Feza, hii si mambo ya kukimbilia." "Usiniite vile leo," alisema. Kisha Metre akaniita, akaniambia niandae safari.

Barabara ya Kabambare ilikuwa ya matope mpaka katikati ya magurudumu ya pikipiki. Nilifika Lusangi siku ya pili kabla ya jua kuwa kali. Mama Sifa alikuwa anaanika mpunga juu ya mkeka mbele ya nyumba, na alinitambua. Aliniita ndani, akanipa kiti, akaniletea maji, kisha bugali na majani ya viazi, akakaa juu ya kigogo kunitazama nikila. Nilijaribu kuanza kueleza, akasema, "Kula kwanza." Nikala nikiwa sina njaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na katika kile cha pili niliona mizigo miwili imekwisha kufungwa kwa kitenge. Nilipomaliza alichukua sahani.

"Walikuja watu wawili," alisema. "Mwezi huu. Vijana, wenye adabu. Walinisalimia vizuri kabisa. Wakasema, 'Habari yako, Mwavita Ramazani.'" Akaweka sahani chini. "Ata bwana yangu alikuwa haniite vile. Ile jina niliitoa mahali pamoja tu."

"Ndiyo, mama."

"Mashini ilisema."

"Ndiyo."

"Nani aliifungua?"

Mama Feza hakuwa ameniomba nimfiche. "Mimi," nilisema, na ulikuwa ukweli kwa njia nyingi.

"Iko wapi sasa, ile liste?"

"Sijui, mama."

"Unaweza kuirudisha?"

"Hapana."

"Unaweza kuifuta?"

"Yetu ndiyo. Ile yao siwezi."

Aliwaza. Nje kuku walikuwa wameanza kudonoa mpunga, na hakuinuka kuwafukuza. "Basi ulikuja kufanya nini?"

"Kukuambia."

"Wao walishaniambia," alisema, bila hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira njia nzima. Nilikuwa na maelezo tayari kuhusu antena na maneno ya siri na namna tulivyofunga sasa, na yote yalibaki kinywani. Kisha akaniuliza akimbilie wapi, kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi na ofisi inajua mambo. Nikasema hatuna mahali. Nimeulizwa maswali mengi magumu katika maisha ya kazi, mbele ya watu wenye vyeo, na hakuna lililonikuta mtupu kama lile, katika chumba kile chenye kigogo na kiti kimoja.

Wanawake wanne kati ya saba walikuja kortini. Watatu walituma ujumbe kwamba hawana la kusema. Mama Sifa alikuwa kati ya wanne, na alikuja na watoto wote na mizigo. Kikao kilifanyika katika ukumbi wenye mabenchi ya shule, na watu walijaa mpaka madirishani. Kwenye kona walikuwa wamefunga pazia la kitambaa cha kijani kibichi, na nyuma yake kiti na maikrofoni iliyounganishwa na chombo cha kubadilisha sauti. Kwa kuwa mimi ndiye Enje wa mji, niliombwa kukisimamia. Shahidi wa Kwanza aliongea, na kutoka kwenye spika ikatoka sauti nzito kama ya mtu aliye chini ya pipa. Wa pili vilevile. Wa tatu alipoingia nyuma ya pazia, tukawa wawili tu pale, yeye na mimi. Alinitazama nikirekebisha vitufe vya chombo, akaniambia nizime.

Nilimnong'oneza kwamba chombo hiki ni cha kumlinda. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ukumbi wote uliisikia, "Waliokuwa hawanijui ni majaji tu." Akasimama, akasogeza pazia kwa mkono wa kushoto, akatoka. Jaji alimwambia arudi, akamweleza sheria inampa haki gani. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema wale aliokuwa anajificha wasimjue wako ndani ya ukumbi na walishamtembelea nyumbani, hivyo hana sababu ya kukaa gizani kama mwizi. Karani akauliza jina. Alisema la kadi. Katika mabenchi hakuna aliyegeuka. Ndipo akaongeza, "Lakini andika Mama Sifa wa Lusangi." Hapo niliona vichwa vikiinuka upande mmoja, kisha upande wa pili. Alieleza kila kitu kama alivyokieleza katika chumba cha nyuma, mpaka mvua. Chombo changu kilikuwa bado kinawaka taa yake nyekundu, na nilikichomoa.

Komanda alihukumiwa. Kabla ya mwaka kwisha tulisikia hayuko tena gerezani, na tulipouliza tulipewa majibu matatu tofauti. Mimi niliacha kazi ile na kwenda Kindu. Kwenye matanga juzi nilikaa karibu na Metre, ambaye sasa haoni vizuri na anaongozwa kwa mkono. Wanawake waliokuwa wakigawa wali walizungumza juu ya marehemu, wakiulizana kama ni kweli kwamba katika miaka yake ya mwisho alikataa kabisa kuwa na simu. Metre aliniuliza kwa sauti ndogo kama nimewahi kusikia habari za yule mama wa Lusangi. Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena, na sikumweleza kwa nini siwezi kusikia.

Siku ile, kikao kilipofungwa, nilimkuta Mama Sifa chini kwenye kivuli cha ukumbi. Pikipiki mbili zilikuwa zinangoja, watoto wawili juu ya kila moja, na mizigo imefungwa nyuma. Yeye ilibidi ajibane mbele ya mzigo wa moja. Nilishika mzigo ili akae vizuri. Mwenye pikipiki akawasha injini, akageuza kichwa. "Mama, tunashika njia gani?"

Mama Sifa hakumjibu. Alinitazama mimi. Hakuwa na chuki usoni, alikuwa anangoja tu, kama mtu anavyomngoja mgeni atoke ndipo afunge mlango. Ilinichukua muda kuelewa.

"Enje," alisema, "sogea kidogo."

Nilisogea. Nilirudi nyuma mpaka kwenye ngazi za ukumbi, na alipoona bado haijatosha alinipungia mkono niende zaidi. Nilikwenda mpaka mahali ambapo kelele za pikipiki zilifunika kila kitu. Ndipo alipoinama kwenye sikio la dereva, na nikaona midomo yake ikisogea.